Viatu Tulivyovua Ugenini

Yako maneno ambayo mwalimu hukaa nayo moyoni miezi mingi kabla ya kuyaandika, kwa kuwa ajua ya kwamba wa kwanza kushtakiwa nayo ni yeye mwenyewe. Haya ndiyo ya namna hiyo. Yahusu hija zetu, na machozi yetu, na mikoko ya Kigombe.

Watu wa pwani hii wapenda kwenda hija, wala si Wakristo peke yao. Jirani zetu Waislamu hujinyima miaka mingi wapate kufika Makka. Wakristo wengine huenda Bagamoyo, mahali ambapo mapadre wa Roho Mtakatifu walijenga misioni yao mwaka 1868. Wengine hujitahidi kufika Namugongo katika nchi ya Uganda siku ya 3 Juni, kuwakumbuka Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa moto siku hiyo mwaka 1886 kwa sababu ya imani yao. Hatuandiki ili kuwacheka wasafiri hawa. Sisi tulikwenda Namugongo, na tukijaliwa tungependa kwenda mara ya pili. Twaandika kwa ajili ya mambo tuliyoyatenda njiani, na zaidi kwa ajili ya yale tuliyoyatenda baada ya kurudi.

Tulisafiri kwa basi kutoka Tanga, tukavuka mpaka Horohoro, tukapita Mombasa, tukashika njia ya Nairobi. Nyimbo hazikukoma. Lakini kila aliyemaliza kunywa maji aliitupa chupa yake dirishani, na chupa za plastiki zikawa zatufuata nyuma kama alama za njia. Tulipopita katika nyika ya Tsavo tuliona tembo, wekundu kwa vumbi la nchi ile, mama na watoto wake. Watu wote wakainuka vitini kutazama. Mzee mmoja wa kanisa akamtukuza Mungu kwa sauti kuu kwa kuumba kiumbe kama yule, na kabla hajaketi akafungua dirisha, akatupa chupa. Sisi tuliona, tukanyamaza, maana mkubwa ni mkubwa. Tena, tuseme kweli, chupa yetu wenyewe tulikuwa tumekwisha kuitupa tangu Mariakani.

Tulipofika Namugongo mioyo iligeuka. Ye yote aliyepaona mahali pale siku ya mashahidi ajua ya kuwa si rahisi kupaeleza: watu wengi kama mchanga, lugha nyingi, kanisa lile la mviringo lililoinuliwa juu ya nguzo 22, moja kwa kila shahidi wa Kikatoliki, na ziwa dogo ambalo mahujaji huteka maji yake. Katika kundi letu alikuwamo mama mmoja na mjukuu wake. Mtoto akavunja kijiti cha mti uliokuwa karibu, kama watoto wafanyavyo. Bibi yake akamshika mkono upesi, akamwambia, "Usivunje! Hujui umesimama wapi?" Kisha akavua viatu vyake, na wote waliokuwa karibu naye wakavua, ingawa hapakuwa na mtu aliyewaamuru. Wengi walilia. Sisi pia tulilia, wala hatuoni haya kulisema. Kisha tukateka maji yale ya ziwa tuyachukue nyumbani. Na tuliyatia katika nini? Katika chupa zile zile za plastiki, ndugu zangu! Chupa ambayo jana ilikuwa takataka ya kutupiwa tembo, leo imefungwa kwa kanga na kulazwa mapajani kama mtoto mchanga.

Basi tukarudi Kigombe. Siku kumi hazijatimia, wazee wa kanisa wakakata shauri kwamba kwaya ijengewe banda, na banda lataka boriti. Asubuhi moja, maji yalipokuwa yamepwa, vijana wakashuka kokoni na mashoka. Wakata mikoko 42, iliyonyoka, ya umri wa kufaa. Mikoko ya nchi hii ni msitu wa serikali, haikatwi ila kwa kibali. Kibali hatukuwa nacho wala hatukukiomba. Waliokata walikuwa wale wale waliotoka Namugongo. Na aliyesimama matopeni na daftari mkononi, akihesabu boriti moja moja, alikuwa mwalimu wenu huyu aandikaye.

Hapo ndipo alipopita mzee mmoja jirani yetu, mvuvi, mtu aliyekwisha kuhiji.

"Shikamoo, Alhaji."

"Marahaba, Mwalimu. Poleni na safari. Mlifika salama huko mahali penu patakatifu?"

"Tulifika, twamshukuru Mungu."

"Mlikata miti huko?"

"Hasha, Alhaji! Hata kijiti hatukuvunja."

"Kwa nini?"

"Ni mahali patakatifu."

Akazitazama boriti zilizolala matopeni, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nami kule Makka sikuvunja hata jani. Tulikatazwa. Mti wa Haramu haukatwi, na mnyama wake hafukuzwi. Na mtu akiwa katika ihramu hawindi mnyama wa nchi kavu. Samaki tu ndiye aliyeruhusiwa." Akacheka. "Nikasema, Alhamdulillahi, mimi mvuvi nimesalimika. Nikarudi nyumbani, wakapita watu na samaki wa baruti, nikanunua, nikala. Samaki ni halali, sikuuliza amekufaje. Imenichukua miaka, Mwalimu, kujua ya kwamba kuvua si kuvunja. Haya, hesabu boriti zako." Akaenda zake.

Neno lile lilitunyima usingizi. Tulijiuliza, yale machozi ya Namugongo yalikwenda wapi? Hayakuwa machozi ya uongo. Yule mama hakujifanya. Alipomkataza mjukuu wake kuvunja kijiti, moyo wake ulisema kweli. Walakini mjomba wa mtoto yule yule alikuwa kokoni na shoka, na bibi aliwapikia uji wakata boriti. Jibu tulilolipata ni hili. Sisi tumeuweka utakatifu mahali pa mbali, kama mtu awekavyo fedha zake kwa mwenziwe wa mji mwingine ili asizitumie. Huko zipo salama. Lakini nyumbani ni fukara, naye huishi kama fukara. Kadiri tulivyouona mti wa Namugongo kuwa mtukufu, ndivyo tulivyouona mkoko wa Kigombe kuwa mti tu. Hija, tusipoangalia, yaweza kuifanya nchi yetu iwe duni machoni petu kuliko ilivyokuwa kabla hatujaondoka.

Twajua watakaotujibu, nao ni wengi, tena baadhi yao ni watu wenye elimu. Watasema, "Mwalimu aturudisha katika mizimu. Kuheshimu mti ni upagani. Wazee wetu waliyaacha hayo walipobatizwa." Neno hili tumelisikia mara nyingi, na kwa muda mrefu sisi nasi tumelisema darasani, kwa hiyo lastahili kujibiwa kwa urefu.

Ni kweli ya kwamba zamani watu wa nchi hii walilinda mahali fulani kwa hofu. Hata leo wako waendao katika mapango ya Amboni, kaskazini ya Tanga, na ubani na vyakula na nadhiri zao, wakiomba watoto au afya. Wako waendao Tongoni, njia iyo hiyo ya kwetu, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya watu wa kale. Hizo nazo ni hija, ingawa hatupendi kuziita hivyo. Na tukivuka mpaka, twakuta kaya za Wamijikenda, na Wadigo wamo kati yao, ndugu wa hawa Wadigo wa kwetu. Kaya ni misitu ambayo zamani ndani yake vilikuwamo vijiji vyenye boma; tangu karne ya 16 watu walikaa humo, na kufika miaka ya 1940 walikuwa wamekwisha kuhama, wakaiacha iwe makao ya wahenga wao. Haikatwi. Ukienda kaya ya Kinondo, karibu na Diani, wazee watakufunga kaniki kiunoni, watakuongoza, wala hutatoka na kitu mkononi. Mwaka 2008 kaya kadhaa ziliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Wataalamu wa mimea wakiingia humo hukuta miti ambayo pengine katika pwani imekwisha kupotea. Hofu iliilinda, wala hapana mtu awezaye kukanusha.

Wazee wetu walipopokea Injili, waliambiwa waache kuogopa mizimu, nao wakaacha, na sisi twafurahi kwamba waliacha; hatutaki mtoto wetu atetemeke mbele ya pango. Lakini katika vijiji vingine shoka lilipelekwa kichakani ili watu waone kwa macho yao kwamba hapana kitu humo. Na kweli, hapakuwa na kitu: palikuwa na chemchemi tu, na mivule, na ndege. Shoka lile lilikata vitu viwili kwa pigo moja, hofu na msitu. Nyumba ikafagiwa, ikabaki tupu. Sote tumeisoma habari ya nyumba iliyofagiwa ikaachwa tupu, na jinsi wapangaji walioingia baadaye walivyokuwa wabaya kuliko yule wa kwanza. Kwetu aliyeingia ni mchoma mkaa.

Kama kuuacha msitu usimame kwa heshima ni upagani, basi nendeni mkawaambie Wahabeshi, ambao walikuwa Wakristo miaka elfu moja na mia tano kabla misioni haijajengwa Bagamoyo! Katika nyanda za juu za kaskazini ya Ethiopia, nchi karibu yote imelimwa na kulishwa mifugo hata imekuwa tupu. Na katikati ya utupu ule waona visiwa vya miti ya asili, na katikati ya kila kisiwa pana kanisa. Ni maelfu. Wao huuhesabu msitu kuwa vazi la kanisa, na kanisa lisilo na miti huliona kuwa uchi. Hawaabudu miti hiyo. Na Musa naye, alipoamriwa kuvua viatu, hakuwa hekaluni. Alikuwa porini, akichunga kondoo wa mkwewe, mbele ya kijiti. Haikuwa safari ya hija, alikuwa kazini. Ajabu ni kwamba sisi twakisoma kisa hiki kila mwaka na kuwaza juu ya moto tu.

Lakini tusiwape wapinzani wetu sababu ya kusema kwamba twaisifu hofu. Hofu ina upungufu mkubwa, nao ni huu: hujua mipaka. Hofu hulinda pango, haiulindi mto upitao mbele ya pango. Mto Zigi unaopita Amboni ndio unaonywesha mji wa Tanga, kwa bwawa la Mabayani. Na huko juu Usambara Mashariki, unakotoka, watu wamechimba dhahabu katika vijito vyake na kuyatia maji matope. Mtu yule yule awezaye kuacha sadaka pangoni aweza kuosha mchanga wa dhahabu mtoni bila kuona vibaya, maana mtoni hapana mzimu wake. Vivyo hivyo na baharini. Mwamba wetu wa Kigombe haukuwa na mwenyewe wa kuogopwa. Ndiyo maana, baruti ilipoingia katika uvuvi wa nchi hii miaka ya 1960, hapakuwa na kitu moyoni mwa watu cha kuizuia. Sheria ya mwaka 1970 ilikataza, mlio uliendelea. Sisi tuliozaliwa hapa twajua sauti ile: kwanza kimya, kisha kama mtu aliyepiga mlango wa chini ya bahari. Samaki wakubwa na wadogo hupasuka matumbo, wengi huzama wasiokotwe, na matumbawe yaliyokua kwa miaka mingi hugeuka kokoto, ambayo kitu hakioti juu yake kwa sababu mawimbi huiviringisha. Ni tangu 2016 hivi, serikali ilipolishika jambo hili kwa nguvu, ndipo milio ilipopungua sana. Nguvu ya askari ni hofu nyingine, nayo ina mipaka yake pia: askari akilala, imekwisha.

Wengine watatujibu kwa upole zaidi, nao watasema, "Mwalimu, hisia ni za watu walioshiba. Maskini hana nafasi ya kuulilia mkoko." Jibu hili hatulidharau. Mtu aliyekosa chakula cha leo hana sikio la hotuba. Lakini tazameni ni nani aliyekuwa akidhurika. Maji yakipwa, ni akina mama wanaoshuka mwambani na vijiti kutafuta pweza na chaza. Mwamba ukivunjwa, ndio wanaorudi na kikapu kitupu, wala baruti hawana. Na sisi tuliokata boriti 42 hatukuwa na njaa. Tulikuwa tumetoka kulipa nauli ya kwenda Uganda na kurudi! Fedha ile ingenunua mbao za banda mara mbili. Hatukukosa fedha, tulikosa haya.

Hapa ndipo twataka kusimama kidogo, kwa sababu twaona ya kwamba mambo ya moyo hayana nguvu sawa. Mshangao ni mzuri, lakini hukaa pale ulipouona; tulishangaa tembo, tukatupa chupa. Twawaona wageni wafikao kwetu kwa ajili ya silikanti, samaki yule ambaye wataalamu walidhani amekwisha kufa na kutoweka tangu zama za kale kabisa, hata alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu mwaka 2004 wavuvi wa upande huu, na wa Kigombe hasa, wamemnasa mara nyingi katika majarife ya papa yaliyotegwa kwenye kina kirefu. Nyama yake haipendezi, nasi hatukumwona kuwa kitu. Watu wa mbali walimshangilia kama wamemwona nabii, na mwaka 2009 ikawekwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Ni vema. Walakini mshangao wa mgeni hauwezi kukaa kwetu badala ya wa kwetu. Akisha kupiga picha hupanda gari.

Haya ni kitu kingine. Haya hufuatana na mtu, humshika hata mahali ambapo hapana mzimu wala askari. Na shukrani nayo haitulii. Hutafuta wa kumlipa. Lakini vitu hivi viwili havipatikani kwa kuketi ndani ya basi. Kule Namugongo tulikutana na kijana mmoja wa upande wa Bukoba aliyekuja kwa miguu, akipitia Mutukula na Masaka. Miguu yake ilikuwa imevimba. Tulimwuliza habari za njia, tukidhani atatuambia maumivu yake. Yeye alituhesabia miti. Alijua mwembe uliompa kivuli siku ya tatu, na mkuyu aliolala chini yake mvua ilipomkuta, na kisima ambacho mama mmoja alimtekea maji asimjue. Alisema "mkuyu wangu wa Masaka", kana kwamba una mkataba naye. Sisi tuliopita njia ndefu kuliko yake hatukuweza kutaja hata mti mmoja. Yeye alikuwa na deni kwa nchi aliyoipita. Sisi tulikuwa na risiti ya nauli. Twasadiki ya kwamba kijana yule akirudi kwao hatakata mti kama tulivyokata sisi. Pengine ataukata, maana mtu huhitaji kuni. Lakini atajua kwamba ameukata.

Ng'ambo ya mkondo, magharibi ya Pemba, kiko kisiwa kidogo kiitwacho Misali. Wenyeji husimulia ya kwamba Nabii Hidhri alifika pale akataka msala wa kusalia, wakawa hawana, naye akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, kwa kuwa kimeelekea Makka. Mwaka 1998 kisiwa hicho na bahari yake viliwekwa chini ya hifadhi, na baada ya hapo walimu wa dini wakafundisha wavuvi kwa maneno ya Kurani kwamba mwanadamu amewekwa kuwa khalifa juu ya viumbe, atakayeulizwa. Hatusemi kwamba hotuba ziliuondoa uvuvi mbaya wote. Twasema tu kwamba jirani zetu wametambua neno ambalo sisi twachelewa nalo: msala ni kitu kilichoko nyumbani, hutandikwa mara tano kwa siku, wala hausafiriwi. Nasi Wakristo hatukosi walimu. Papa Fransisko aliwaandikia watu wote mwaka 2015 juu ya kuitunza dunia kama nyumba yetu sote. Barua hiyo imetafsiriwa, imesifiwa, imewekwa kabatini.

Basi mtasema, Mwalimu ataka tufanye nini? Hatutaki watu waache kwenda Namugongo wala Bagamoyo. Twataka hija nyingine iongezwe, fupi, isiyo na nauli. Kanisa la kale lilikuwa nayo. Katika karne ya 5 askofu Mamerto wa mji wa Vienne, katika nchi iitwayo leo Ufaransa, aliwatoa watu wake waende kwa miguu wakiomba, siku tatu kabla ya sikukuu ya Kupaa, kwa sababu ya mabaya yaliyowapata. Na desturi ile ikaenea, watu wakawa wanazunguka mashamba yao, mpaka kwa mpaka, wakiyaombea mavuno. Sisi watu wa Kigombe mashamba yetu mawili ni mkonge na bahari. Mkonge una wenyewe. Bahari twaweza kuizunguka.

Twawaomba wazee wa kanisa letu, na wa makanisa mengine ya pwani watakaosoma maneno haya, waichague siku moja katika siku tatu zile. Kwa kuwa Pasaka hufuata mwezi mpevu, mara nyingine siku hizo hukaribia mwezi mwandamo, ndipo maji ya bamvua hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na mtu aweza kwenda mbali juu ya mwamba. Mwaka ambao hazikukaribia, waulizwe wavuvi. Ni wakati wa masika, tutalowa, haidhuru. Twende kwa miguu kutoka kanisani mpaka kokoni, kwenye visiki vile 42, ambavyo sisi twajua vilipo, maana tulivihesabu. Mbegu ya mkoko huanza kuota ingali juu ya mti wake, kisha huanguka na kujichoma katika tope. Ni kazi rahisi hata kwa mtoto wa darasa la kwanza kuziokota na kuzipanda. Ziwe mbili kwa kila kisiki. Yule mama na mjukuu wake wamekubali kwenda, tumekwisha kuwauliza. Halafu tushuke mwambani, akina mama wa pweza watutangulie, kwa kuwa ndio wanaoyajua majina ya mahali, nao watuonyeshe palipovunjwa na palipoanza kupona. Tumemwomba Alhaji awe pamoja nasi, naye amejibu kwamba atakuja kwa sharti moja, tusiimbe kwa sauti kubwa tukawafukuza samaki.

Maji ya kunywa kila mtu achukue kwa kibuyu au kwa dumu lake, na dumu lirudi nyumbani. Viatu vivaliwe, kwa sababu ya miiba ya bahari.